Randy Rhoads: Mwalimu wa gitaa ambaye mlio wake unasakwa hadi leo

Kama wewe ni barobaro wa kucharaza gitaa la umeme, mchezo huu unaujua. Usiku umeingia, majirani wamelala, hedifoni ziko masikioni, gitaa limechomekwa kwenye laptopu na programu ya kuiga amplifaya iko wazi mbele yako. Umetafuta mpangilio ulioandikwa jina la wimbo Crazy Train, ukaubofya, ukapiga noti za kwanza. Unafanana, ndiyo. Lakini wapi! Kuna kitu kinakosekana. Unaongeza mkwaruzo, unapunguza besi, unabadilisha spika, saa inagonga tisa usiku na bado.

Usijilaumu sana. Watu wazima wenye studio zao na vifaa vya bei ya gari wameusaka mlio huohuo kwa zaidi ya miaka 40. Na mwenyewe aliyeutoa hakuwa mzee wa siri za miaka mingi. Alikuwa kijana mwembamba, mfupi kiasi, mpole, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 25 pekee.

Jina lake ni Randy Rhoads. Kabla hujagusa tena vitufe vya programu yako, ni vyema umjue.

MTOTO WA MWALIMU

Randall William Rhoads alizaliwa Desemba 6, 1956, katika mji wa Santa Monica, jimbo la California, Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watatu. Babake, aliyekuwa mwalimu wa muziki, aliondoka nyumbani Randy akiwa bado mtoto wa kutambaa, na mzigo wote ukamwangukia mamake, Delores.

Mama huyo hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Aliendesha shule ya muziki iliyoitwa Musonia, kule North Hollywood, na ada za wanafunzi ndizo zilizolisha watoto wake. Kwa hivyo Randy alikua akisikia skeli za piano na tarumbeta kuanzia asubuhi hadi jioni, jinsi mtoto wa muuza mboga anavyokua akisikia bei za sukuma wiki.

Alianza gitaa akiwa na umri wa miaka saba hivi. Gitaa lenyewe lilikuwa kuukuu, la babu yake mzaa mama. Mamake alimtaka pia ajifunze kusoma noti za muziki, akamkalisha kwenye piano. Baadaye alimkabidhi kwa mwalimu wa gitaa la umeme palepale shuleni. Haikuchukua muda mrefu mwalimu huyo akamwendea Delores na kumwambia kwamba hana jipya la kumfundisha kijana yule, kwa sababu amemaliza yote aliyoyajua.

Nyumbani kwao hakukuwa na mbwembwe za santuri za roki. Randy alikuja kuona tamasha kubwa la roki alipokuwa kijana wa miaka 14, Alice Cooper akiwa jukwaani. Waliokuwa naye wanasema alirudi nyumbani akiwa ameduwaa. Tangu siku hiyo hakuwa tena mtoto wa kupiga gitaa kwa kuburudika tu.

BENDI ISIYOPATA MKATABA NYUMBANI

Shuleni Burbank alikuwa na rafiki, Kelly Garni. Randy alimfundisha rafikiye kupiga besi kwa sababu tu alihitaji mpigaji besi. Hao wawili ndio walioanzisha bendi ambayo baadaye iliitwa Quiet Riot, na mwimbaji Kevin DuBrow akajiunga nao mwaka wa 1975.

Quiet Riot ilijaza klabu za Hollywood, hasa Starwood. Shida ni kwamba mjini humohumo kulikuwa na bendi nyingine, Van Halen, na huyo Eddie Van Halen alikuwa ameugeuza mchezo mzima wa gitaa. Van Halen walipata mkataba mnono. Quiet Riot walibisha mlango mmoja baada ya mwingine bila kufunguliwa. Albamu zao mbili za enzi ya Randy zilitoka mwaka wa 1978 nchini Japani pekee. Hebu fikiria: unajulikana Tokyo, lakini duka la santuri la mtaani kwenu halina kazi yako hata moja.

Basi mchana Randy alifundisha. Aliketi katika chumba kidogo pale Musonia, mwanafunzi huyu akitoka yule anaingia, saa nyingi mfululizo, siku nenda siku rudi. Wanafunzi walitaka kupiga nyimbo za redioni. Yeye aliwapa walichotaka, kisha akawatilia na skeli kidogo na nadharia kidogo.

Mimi naona hapa ndipo mlio wake ulipoanza kutengenezwa, muda mrefu kabla ya studio yoyote. Mtu anayeonyesha mkono wake polepole mara 30 kwa siku, kwa wanafunzi wanaokosea, hujifunza kupiga kitu kilekile vilevile bila kubadilika. Shikilia jambo hilo, tutalirudia.

MAJARIBIO YALIYOISHA KABLA YA KUANZA

Mwaka wa 1979 mwimbaji Ozzy Osbourne alifutwa na bendi yake ya Black Sabbath. Alikuwa amezama kwenye pombe, amejifungia hotelini Los Angeles, na watu wengi walidhani ameisha. Wachache waliobaki naye walimtafutia mcharaza gitaa. Jina la Randy lilitajwa, lakini kijana mwenyewe hakuwa na hamu sana. Hakuwa shabiki sugu wa Black Sabbath na hakutaka kuiacha bendi yake. Alienda shingo upande.

Alifika na gitaa lake la Gibson Les Paul na kijiamplifaya kidogo cha mazoezi. Akachomeka nyaya, akaanza kupasha vidole moto kwa skeli zake za kawaida. Akiwa bado anajiandaa, alielezwa kwamba kazi ni yake. Alirudi nyumbani akiwa ameajiriwa bila kupiga wimbo hata mmoja.

Safari ya kwenda Uingereza nayo ilikuwa na vituko vyake. Alipotua Heathrow mara ya kwanza hakuwa na kibali cha kufanyia kazi. Maafisa wa uhamiaji walimlaza korokoroni usiku mzima na kumrudisha Marekani kwa ndege siku iliyofuata. Makaratasi yalipokamilika alirejea, mwishoni mwa Novemba 1979.

Huko aliungana na Bob Daisley kwenye besi na Lee Kerslake kwenye ngoma. Don Airey aliongeza kinanda. Mapema mwaka wa 1980 waliingia studio ya Ridge Farm, katika eneo la mashambani la Surrey, kusini mwa Uingereza. Fundi wa sauti alikuwa Max Norman, kijana asiye na jina kubwa wakati huo. Walichokitoa humo kiliitwa Blizzard of Ozz.

KARAI LA CHIPSI

Sasa tuje kwenye kile kinachokukosesha usingizi. Randy alitumia nini hasa?

Amplifaya yake ilikuwa Marshall Super Lead, ile ya wati 100. Hii ni mashine ya valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa ndani. Ukiisukuma kwa sauti ya juu, valvu zinashindwa kubeba wimbi zima la umeme, zinalikata vichwa, na hapo ndipo ule mkwaruzo wa roki unapozaliwa. Lakini ya Randy haikuwa ya kawaida. Marshall ya aina hiyo ina njia mbili za kuingizia gitaa ambazo hukaa sambamba. Yake ilirekebishwa ili njia moja imwage mawimbi yake ndani ya nyingine, moja baada ya nyingine. Matokeo yake ni mkwaruzo mwingi zaidi na mlio unaodumu.

Mbele ya amplifaya kulikuwa na pedali ndogo ya manjano ya kampuni ya MXR iitwayo Distortion+. Ina vitufe viwili tu, basi. Kimoja cha kiasi cha mkwaruzo, kingine cha sauti. Ndani yake kuna vidayodi viwili vya germani vinavyokata wimbi la gitaa kabla halijaifikia Marshall. Aliongezea ekolaiza ya MXR ili kuinua masafa ya kati, yale yanayolifanya gitaa lisikike hata ngoma zikinguruma.

Sasa piga hesabu: pedali inakwaruza, ekolaiza inasukuma, amplifaya iliyorekebishwa inakwaruza tena. Kila hatua inakuza gitaa, na inakuza pia kelele za umeme. Randy alipoacha kupiga, mtambo wote ulichemka na kutoa sauti kama mafuta yanayokaanga viazi. Pale studioni ubao wake wa pedali ukabandikwa jina: karai la chipsi.

Kisha kuna spika, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Ukifungua programu nyingi na kuchagua Marshall, unapewa spika za Celestion moja kwa moja, kwa sababu ndizo zinazotumiwa zaidi na makabati hayo. Randy alikuwa ameweka spika za Altec za inchi 12. Spika hizi ni kali upande wa juu na zinabeba nguvu nyingi bila zenyewe kuanza kukwaruza. Hazilainishi kitu. Ukikosea noti, Altec inakuanika.

Makabati yaliwekwa kwenye chumba chenye mwangwi, na maikrofoni zikapangwa kwa umbali tofauti. Nyingine zilikaribia kugusa kitambaa cha spika, nyingine zilisimama mbali ili kunasa hewa ya chumba. Unachosikia kwenye santuri ni spika na kuta kwa pamoja.

MARA TATU

Haya yote unaweza kuyaiga. Kinachofuata ndicho kigumu.

Wakati wa kurekodi solo, Norman alikuwa akitengeneza kipande cha mkanda kinachojirudia chenye sehemu ya solo pekee, anakiachilia kwenye spika kubwa za studio, na Randy anakaa humo kwa saa nyingi akitafuta noti moja moja. Hakuwa akibahatisha. Alikuwa akitunga, kama mtu anayeandika insha, anafuta, anaandika tena.

Alipomaliza alirekodi solo hiyo. Halafu aliirekodi tena yote kwenye njia nyingine ya mkanda, juu ya ile ya kwanza. Halafu mara ya tatu. Moja ikawekwa katikati, mbili zikapelekwa pembeni, kushoto na kulia, kwa sauti ya chini kidogo. Kila mvuto wa uzi, kila mtetemo wa kidole, kila mteremko ulilingana na wa awali, isipokuwa zile tofauti ndogondogo ambazo mkono wa binadamu hauwezi kuziepuka.

Tofauti hizo ndogo ndizo zinazoupanua mlio. Sikio lako linasikia gitaa moja kubwa, kumbe ni matatu. Ndiyo maana mpangilio wako wa laptopu unaonekana mwembamba hata baada ya kuchagua kila kitu sawasawa. Unalinganisha gitaa moja na magitaa matatu.

Na usidhani kunakili faili ile ile na kuisogeza kidogo kutakusaidia. Wengi wamejaribu. Nakala ni nakala. Mikwaruzo yake inafanana mno na masikio yanagundua. Lazima upige tena kwa mkono wako.

Sasa umeona kazi ya kile chumba cha Musonia? Kijana aliyerudia somo moja kwa miaka mingi mbele ya wanafunzi ndiye aliyeweza kurudia solo yake mara tatu bila kuteleza.

Katikati ya kelele zote hizo, albamu ina kipande kifupi cha gitaa lisilo la umeme, hakifiki hata dakika moja. Hakina ngoma wala uimbaji. Kinaitwa Dee. Hilo ndilo jina la utani la mamake.

UMAARUFU NA KITABU CHA SIMU

Blizzard of Ozz ilitoka Uingereza Septemba 1980 na kuingia Marekani mwaka uliofuata. Mtu aliyedhaniwa ameisha alirudi kwa kishindo, na mashabiki wakaanza kuulizana kijana yule wa gitaa ni nani. Nchini Marekani pekee albamu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 4. Kufikia Novemba 1981 ya pili, Diary of a Madman, ilikuwa sokoni, nayo ilirekodiwa Ridge Farm.

Wakati huo Randy alikuwa na gitaa lenye madoadoa meupe alilotengenezewa na fundi Karl Sandoval. Kisha alimwendea Grover Jackson na michoro yake mwenyewe ya gitaa lenye mabawa yaliyochongoka, bawa moja refu kuliko jingine. Gitaa hilo likawa mwanzo wa jina la Jackson katika ulimwengu wa metali, na umbo lake linauzwa madukani hadi sasa kwa jina la Rhoads.

Lakini kile ambacho wenzake walikikumbuka zaidi ni kitabu cha simu. Kila walipofika mji mpya, wengine walikimbilia baa. Randy alifungua kitabu cha simu cha hotelini, akatafuta walimu wa gitaa la klasiki mjini humo, akapiga simu na kuomba somo la saa moja. Wakati mwingine alimkuta mwalimu asiyejua lolote kuhusu roki, akalipa ada yake na kuketi kama mwanafunzi mwingine yeyote. Jioni alipanda jukwaani mbele ya maelfu.

Mwishoni mwa mwaka wa 1981 jarida la Guitar Player lilimtaja kuwa kipaji kipya bora. Mtu mwingine angeringa. Yeye alikuwa tayari anawaza kuondoka. Alitaka kurudi shule, asomee shahada ya gitaa la klasiki chuoni UCLA. Pia kulikuwa na mvutano, kwani wakubwa wa bendi walitaka albamu ya moja kwa moja jukwaani iliyojaa nyimbo za zamani za Black Sabbath, jambo ambalo yeye hakulipenda hata kidogo. Aliona wanarudi nyuma badala ya kwenda mbele.

ASUBUHI YA LEESBURG

Machi 18, 1982, walitumbuiza mjini Knoxville, jimbo la Tennessee. Usiku huo basi lao liliondoka kuelekea Orlando, Florida, kwa tamasha jingine. Asubuhi ya Machi 19 walisimama karibu na Leesburg, kwenye uwanja wa mwenye kampuni ya mabasi, ili kurekebisha mtambo wa hewa baridi. Pembeni mwa nyumba kulikuwa na kiwanja kidogo cha ndege.

Dereva wa basi alikuwa na uzoefu wa urubani. Alichukua ndege ndogo aina ya Beechcraft Bonanza bila ruhusa na kuanza kuwarusha watu kwa mzaha. Wa kwanza walikwenda wakarudi salama. Safari ya pili alimchukua Rachel Youngblood, mama aliyehudumu kwenye ziara kama fundi wa mavazi na urembo, pamoja na Randy. Randy alikuwa mwoga wa ndege. Inasemekana alikubali kwa sababu aliahidiwa kwamba wangeruka polepole kwa ajili ya Rachel, na yeye alitaka kupiga picha kutoka angani.

Rubani aliishusha ndege chini karibu na basi ambamo wenzao walikuwa wamelala. Akapita mara ya kwanza, akapita tena. Katika mpito mwingine bawa liligusa paa la basi, ndege ikapinduka, ikagonga mti na kuangukia gereji ya nyumba. Wote watatu walifariki papo hapo.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba rubani alikuwa na kokeini mwilini. Mwilini mwa Randy hakukupatikana chochote isipokuwa nikotini ya sigara. Hakuna somo la kina la kusaka hapa, ndugu yangu. Ulikuwa upuuzi wa dakika chache wa mtu mmoja, na ukawamaliza wawili ambao hawakuwa na hatia. Randy alizikwa San Bernardino, California, karibu na jamaa zake. Hadi leo mashabiki huenda pale kila mwezi wa Machi.

WALIOCHEZEA KUMBUKUMBU

Mwaka wa 1987 Ozzy alitoa albamu ya Tribute, yenye rekodi za moja kwa moja za Randy jukwaani. Mamake aliendelea kufundisha pale Musonia hadi uzeeni, akafariki mwaka wa 2015.

Kisa kimoja kinafaa kukumbukwa na kila anayeupenda muziki wa zamani. Mwaka wa 2002, kukiwa na mvutano wa kisheria kuhusu malipo, Blizzard of Ozz ilitolewa upya huku besi na ngoma za awali zikiwa zimefutwa na kurekodiwa upya na watu wengine. Gitaa la Randy liliachwa palepale. Mashabiki walikasirika kweli. Noti za gitaa zilikuwa zilezile, lakini walisema haisikiki sawa, na walikuwa na haki, kwa sababu gitaa hilo lilipigwa likijibizana na besi ya Daisley na ngoma za Kerslake. Rekodi ya asili ilirudishwa sokoni mwaka wa 2011.

Mwaka wa 2008 kampuni ya Marshall nayo iliamua kumaliza ubishi. Wahandisi wake waliichunguza amplifaya halisi ya Randy na kutengeneza toleo maalumu lililoitwa 1959RR. Ndipo mashabiki wengi walipothibitisha habari ya yale marekebisho ya ndani.

Na mwaka wa 2021 aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Aliyepewa kazi ya kumtambulisha alikuwa Tom Morello wa Rage Against the Machine. Ndiyo, huyohuyo ambaye babake ni Mkenya, Ngethe Njoroge, mwanadiplomasia aliyetuwakilisha katika Umoja wa Mataifa. Morello alikulia karibu na Chicago akimchukulia Randy kama mwalimu wake wa mbali. Kwa hivyo usikubali mtu akuambie kwamba habari hizi hazituhusu.

Ozzy mwenyewe aliaga dunia Julai 22, 2025, akiwa na miaka 76.

RUDI KWENYE LAPTOPU YAKO

Teknolojia uliyo nayo leo Randy hangeiamini. Kuna programu zinazoiga kila kipande cha sakiti kwa hesabu. Kuna nyingine, kama Neural Amp Modeler ambayo ni ya bure, zinazosikiliza amplifaya halisi ikipewa sauti na kutoa sauti, kisha mtandao wa neva wa kompyuta unajifunza kutenda vivyo hivyo. Kabati la spika nalo limegeuzwa kuwa faili ndogo iliyonasa jinsi spika, maikrofoni na chumba vinavyoitikia. Mtu wa Kayole au Kisauni mwenye laptopu ya kawaida anaweza kushika kitu ambacho zamani kilihitaji wati 100 na majirani wenye roho ya subira.

Kwa hivyo, anza hivi. Weka kiigizo cha Distortion+ mbele, mkwaruzo wa kiasi tu, sauti yake juu. Fuata na ekolaiza, inua masafa ya kati. Chagua Marshall Super Lead, na kama kuna iliyorekebishwa kwa mfuatano, chukua hiyo. Kisha puuza spika ulizopewa na utafute faili ya Altec 417. Ongeza chumba kidogo, si mwangwi wa kanisa.

Halafu punguza mkwaruzo. Ndiyo, punguza. Makosa ya wengi ni kuweka mkwaruzo wa magitaa matatu kwenye gitaa moja, na noti zinageuka uji.

Kile kifaa cha kuzima kelele za umeme, kilegeze. Ukikibana sana kinakata mikia ya noti, na lile karai la chipsi lilikuwa sehemu ya mlio. Angalia pia ucheleweshaji wa sauti kwenye kompyuta. Ukiweka bafa ya sampuli 128 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, bafa hiyo inachelewesha chini ya milisekunde 3, na vidole havitachanganyikiwa.

Baada ya hapo rekodi solo yako. Ukimaliza, rekodi tena. Hapa ndipo utakapojua ukweli wote. Zicheze zote mbili pamoja, moja kushoto, nyingine kulia. Kama zinagongana kama matatu mbili zinazogombea abiria, basi tatizo halikuwa programu.

Nilijaribu mwenyewe. Wiki tatu nilibadilisha spika na pedali bila kupata kitu. Wiki ya nne nilizima skrini, nikachukua noti nane tu za solo ya Crazy Train, nikazirudia polepole kila jioni hadi mkono ukazizoea. Nilipozirekodi mara tatu, kwa mipangilio ileile niliyokuwa nimeitukana, gitaa lilipanuka ghafla hedifonini. Haikuwa Randy. Lakini kwa sekunde kama nne hivi nilielewa alikuwa akifanya nini katika chumba kile cha mamake.

Nimebakisha noti nyingi. Leo jioni naanza za tisa na kuendelea.